Kuongeza voliyumu za thini kwenye programu ya kusimamia diski za seva

Mwongozo huu ni wa anayetunza programu yake mwenyewe ya kugawa diski: ukurasa wa wavuti au hati ya Python inayoita `lvcreate` (amri ya kuunda voliyumu ya LVM, mfumo wa Linux wa kugawa diski), na watu wa ofisi wanabonyeza kitufe kupata nafasi. Tuchukue mfano wa seva moja iliyoko Mbeya mjini, yenye diski mbili za TB 2 zilizounganishwa kwa RAID 1 (kila moja ni nakala ya mwenzake), inayobeba mashine pepe za chama cha ushirika cha kahawa, zahanati na shule.

Kwa mgao wa kawaida, mteja akiomba GiB 200 zinakatwa zote siku hiyohiyo, hata kama atatumia 15 tu mwaka mzima. Kwa mgao wa thini anaahidiwa GiB 200, kisha diski inatoa nafasi kipande kwa kipande kadiri anavyoandika. Keneli ya Linux imekuwa na uwezo huu tangu toleo la 3.2 la mwaka 2012, na LVM inautumia bila shida. Amri zenyewe ni chache. Ugumu uko kwenye msimbo wako, kwa sababu ulizoea namba moja kwa kila voliyumu na sasa zipo mbili: nafasi iliyoahidiwa na nafasi iliyotumika. Popote programu inapozichanganya hizo mbili, iko siku ghala litajaa huku ukurasa wako ukionyesha nafasi tele. Ndiyo maana hapa kinga inaandikwa kabla ya kitufe cha kuunda.

Vifurushi na ghala

Kwenye Debian au Ubuntu sakinisha `lvm2`, `dmeventd` na `thin-provisioning-tools`. Kwenye Rocky au AlmaLinux kifurushi cha tatu kinaitwa `device-mapper-persistent-data`. Usikiruke. Ndani yake mna `thin_check`, inayokagua ghala kila linapoamshwa. Ikikosekana, mashine ikizimika na kuwaka tena LVM inaweza kukataa kuamsha ghala, na voliyumu zote zikabaki zimelala. Programu yako iangalie kwanza kama `thin_check` ipo, na kama haipo ikatae kuendelea kwa ujumbe unaoeleweka.

Ghala ndilo LVM inaloliita `thin-pool`. Lina sehemu mbili: data yenyewe, na metadata inayokumbuka kipande gani ni cha voliyumu ipi. Metadata ndiyo roho ya ghala, kwa hiyo ikadirie kwa hesabu: gawanya ukubwa wa ghala kwa ukubwa wa kipande, kisha zidisha kwa baiti 64. Ghala la GiB 1,500 lenye vipande vya KiB 64 lingehitaji karibu GiB 1.5 za metadata. Ukitumia vipande vya KiB 256 unapata vipande 6,144,000, yaani MiB 375. Kwa mashine pepe mchanganyiko KiB 256 inafaa: si kubwa kiasi cha kupoteza nafasi, wala si ndogo kiasi cha kuivimbisha metadata. Snapshoti nyingi (picha za voliyumu kama zilivyokuwa wakati fulani) huongeza matumizi ya metadata, basi toa GiB 1 nzima (`vg0` ni kundi la diski ambamo ghala linakatwa):

```
lvcreate --type thin-pool -L 1500G -c 256K \
  --poolmetadatasize 1G -n ghala vg0
```

LVM itatenga GiB 1 nyingine ya akiba iitwayo `lvol0_pmspare`, ambayo hutumika kutengeneza metadata ikiharibika. Usiifute kwa kudhani ni takataka. Diski za TB 2 zinatoa karibu GiB 1,862, kwa hiyo zinabaki kama GiB 360 nje ya ghala. Zimeachwa kwa makusudi. Ghala linaweza kuongezwa wakati wowote lakini haliwezi kupunguzwa. Anayelipatia ghala diski nzima siku ya kwanza anajinyima nafasi ya kujiokoa.

Ukubwa wa kipande nao hauwezi kubadilishwa baadaye. Fomu yako ya kuunda ghala iuonyeshe wazi, usifichwe kwenye mipangilio ya ziada.

Kusoma hali bila kudanganyika

Usichambue maandishi ya `lvs` kwa kuhesabu nafasi tupu kati ya safu. Omba JSON:

```python
import json, os, subprocess

def soma_voliyumu(vg):
    jibu = subprocess.run(
        ["lvs", "-a", "--reportformat", "json",
         "--units", "b", "--nosuffix", "-o",
         "lv_name,lv_attr,lv_size,pool_lv,origin,"
         "data_percent,metadata_percent,"
         "lv_when_full,lv_health_status", vg],
        env=dict(os.environ, LC_ALL="C"),
        capture_output=True, text=True,
        check=True, timeout=30)
    return json.loads(jibu.stdout)["report"][0]["lv"]
```

`LC_ALL=C` ipo ili desimali zije na nukta na ujumbe wa makosa usibadilike lugha. Thamani zote zinarudi kama maandishi, na voliyumu ya kawaida inarudisha `data_percent` tupu, kwa hiyo `float("")` itaangusha ukurasa mzima kama hukuliwazia hilo. Majina yenye mabano ya mraba, kama `[ghala_tdata]` na `[ghala_tmeta]`, ni sehemu za ndani. Mtumiaji asizione kwenye orodha.

Herufi ya kwanza ya `lv_attr` inakwambia aina: `t` ni ghala, `V` ni voliyumu ya thini. `lv_health_status` ikirudisha `out_of_data`, `metadata_read_only` au `failed`, hilo ni tangazo jekundu juu ya ukurasa, si alama ndogo pembeni.

Mtego unaowanasa wengi ni kujumlisha matumizi ya voliyumu moja moja ili kupata matumizi ya ghala. Voliyumu na snapshoti yake hushirikiana vipande, na kila moja huvihesabu kama vyake, hivyo jumla inazidi ukweli. Ukweli uko kwenye `data_percent` ya ghala lenyewe. Ukihitaji hesabu kamili ya vipande, kwa kuwa asilimia 0.01 ya ghala hili tayari ni MiB 150 na zaidi, soma `dmsetup status vg0-ghala-tpool`. Utaona vipande vilivyotumika kwa jumla, kwanza vya metadata kisha vya data.

Kinga

Kuahidi zaidi ya ulichonacho ni kama SACCOS inayokopesha: inawezekana mradi wanachama wote wasije dirishani siku moja. Programu ndiyo mhasibu, na inatakiwa kuwa na masharti matatu kabla ya kukubali ombi lolote la voliyumu mpya, la kupanua, au la snapshoti.

Sharti la kwanza ni uwiano. Jumla ya ahadi zote, pamoja na ombi jipya, isizidi ukubwa wa ghala mara 1.5. Kwa ghala la GiB 1,500 ni GiB 2,250. Baada ya kuona matumizi ya mwaka mzima unaweza kupanda hadi mara 2. Zaidi ya hapo siwezi kumshauri mtu mwenye seva moja isiyo na mwenzake. Snapshoti nazo zihesabiwe kwa ukubwa kamili wa ahadi, maana kila moja inaweza kuandikwa upya yote.

Sharti la pili: data na metadata zote ziwe chini ya asilimia 75. Namba hiyo inaendana na nyongeza ya kiotomatiki unayoiweka kwenye `/etc/lvm/lvm.conf`:

```
activation {
    monitoring = 1
    thin_pool_autoextend_threshold = 70
    thin_pool_autoextend_percent = 10
}
```

Kizingiti kikiachwa kwenye 100, ambayo ndiyo hali ya kuanzia, nyongeza haifanyiki kabisa. Kwa asilimia 10, ghala letu litapanda kutoka GiB 1,500 hadi 1,650, kisha 1,815, na zinabaki kama GiB 45 zisizotosha nyongeza ya tatu. Ungeweka asilimia 20 ungepata nyongeza moja tu. Kila nyongeza inashusha matumizi kutoka 70 hadi karibu 64, kwa hiyo ghala likionekana limetulia kwenye 75 maana yake ni moja kati ya mbili: akiba imekwisha, au `dmeventd`, huduma inayofuatilia ghala na kuliongeza, haifanyi kazi. Washa huduma kwa `systemctl enable --now lvm2-monitor`, kisha thibitisha kwa `lvs -o+seg_monitor vg0/ghala`. Lazima usome `monitored`.

Sharti la tatu ndilo linalosahaulika, na huku kwetu ndilo lenye uzito: siku zilizobaki. Gawanya nafasi iliyobaki kwa ukuaji wa siku, kisha linganisha na siku za kupata diski mpya. Diski ya seva mara nyingi inaagizwa Dar es Salaam. Basi la usiku linaweza kuileta, lakini kabla ya basi kuna ankara, idhini ya mkuu wa idara na malipo, na baada ya hapo kuna lori lililokwama mlima Kitonga. Weka siku 21 kama mstari mwekundu.

Ukuaji usiuchukue kwa wastani wa mwaka. Tuseme mwezi Machi chama cha ushirika kinaongeza GiB 3 kwa siku, na msimu wa kahawa ukishafunguka, picha za stakabadhi na kumbukumbu za mizani zinapandisha hadi GiB 12. Ukiwa na GiB 240 zilizobaki, hesabu ya Machi inakwambia siku 80. Hesabu ya msimu ni siku 20, na tayari umevuka mstari. Hifadhi kipimo cha kila siku kwenye kanzidata, kisha tumia wiki yenye ukuaji mkubwa zaidi katika miezi 12 iliyopita.

Masharti yote matatu yapimwe ndani ya kufuli moja pamoja na amri ya kuunda. LVM hufunga kundi lake yenyewe, lakini haijui sheria zako. Watu wawili wakibonyeza kwa pamoja, kila mmoja ataonekana ana haki ya nafasi ileile. `fcntl.flock` kwenye faili moja chini ya `/run` inatosha.

Sasa kitufe kinaweza kuandikwa:

```
lvcreate --type thin -V 200G --thinpool ghala -n zahanati vg0
```

Angalia ni `-V`, si `-L`. Kwenye ukurasa onyesha namba mbili kwa kila voliyumu, "ahadi GiB 200, imetumika GiB 15", na juu yake mstari wa ghala lote. Mteja akiangalia `df` ndani ya mashine yake ataona karibu GiB 185 ziko wazi. Ni ahadi hiyo, na mwenye seva pekee ndiye anayejua kama ipo kweli.

Ghala likijaa

Likijaa, LVM kwa kawaida huzuia maandishi kwenye foleni kwa sekunde 60 ikisubiri nyongeza, kisha hurudisha kosa. Madhara makubwa yanatoka hapa: programu zilizoandika bila `fsync` (agizo la kuhakikisha data imefika diskini) zilishaambiwa kazi imekamilika wakati data ilikuwa kwenye kumbukumbu tu. Keneli inapojaribu kuishusha diski inakataliwa, na mwenye data hana habari. Mfumo wa faili wa ext4 unaweza kujigeuza wa kusoma tu. XFS inaweza kuendelea kujaribu bila kukoma hadi hata `umount` ikagoma.

Kwa seva ya mashine pepe ipo njia salama zaidi. Zima foleni:

```
lvchange --errorwhenfull y vg0/ghala
```

na kwenye usanidi wa libvirt (msimamizi wa mashine pepe) wa kila diski andika:

```
<driver name='qemu' type='raw' cache='none'
        discard='unmap' error_policy='enospace'/>
```

Hapo ghala likijaa, QEMU, inayoendesha mashine pepe, inaona kosa la kukosa nafasi na kuisimamisha mashine palepale. Ndani ya mashine hakuna kinachojua; kanzidata ya zahanati imeganda katikati ya sentensi, haijaharibika. Unaongeza nafasi kwa `lvextend -L +40G vg0/ghala`, kisha `virsh resume`. `cache='none'` ni ya lazima, kwani kwa `writeback` kosa linachelewa na faida yote inapotea.

Kundi likiwa halina nafasi hata ya GiB 40, futa snapshoti za zamani kwanza. Ikishindikana, hata diski ya nje ya USB inaweza kuingizwa kwa `pvcreate` na `vgextend` kama daraja la muda, mradi uihamishe data kwa `pvmove` kabla ya kuichomoa. Usiwashe upya seva kwa haraka kabla ya kupata nafasi.

Metadata ikijaa hali ni mbaya zaidi ya data kujaa, kwani ghala linageuka la kusoma tu na kudai ukaguzi. Zima voliyumu zote na ghala kwa `lvchange -an`, endesha `lvconvert --repair vg0/ghala`, kisha panua kwa `lvextend --poolmetadatasize +512M vg0/ghala`. Metadata ya zamani inabaki kama `ghala_meta0`. Ihifadhi hadi uwe umefungua na kukagua kila voliyumu. Hatua hii pia ndiyo utakayoihitaji kama umeme umekatika vibaya wakati wa radi za masika na ghala likagoma kuamka. Programu isiiendeshe yenyewe. Ionyeshe amri, imwachie mtu.

Nakala za `/etc/lvm/backup` hazina ramani ya vipande, kwa hiyo si bakapu ya voliyumu za thini. Kurudisha usanidi wa zamani kwa `vgcfgrestore` kunadai `--force`, na sababu ya kudai ni kwamba usanidi wa jana na metadata ya leo vinaweza kutofautiana. Kitufe cha namna hiyo kisiwepo kabisa kwenye ukurasa wako. Bakapu ya kweli inasomwa kutoka ndani ya voliyumu na kupelekwa mashine nyingine.

Snapshoti na kurudisha nafasi

Snapshoti ya thini huundwa bila ukubwa:

```
lvcreate -s -n zahanati_jumapili vg0/zahanati
```

Kama msimbo wako wa zamani bado unaongeza `-L 20G`, LVM haitalalamika. Itakutengenezea snapshoti ya mtindo wa kale inayokula nafasi nje ya ghala na kuvunjika ikijaa. Tafuta `-L` kwenye kila njia inayogusa snapshoti.

Snapshoti hizi haziamki zenyewe. Unahitaji `lvchange -ay -K`. Zikiwa na XFS, kuzipandisha sambamba na ya asili kunahitaji `-o nouuid`. Na tofauti na mtindo wa kale, kufuta voliyumu ya asili hakufuti snapshoti zake, kwa hiyo ondoa onyo hilo la zamani kwenye ukurasa. Onyo linalohitajika ni jingine: `lvremove` ya ghala inafuta kila kilichomo. Programu ikatae kufuta ghala lenye hata voliyumu moja.

Mtu akifuta faili ndani ya mashine, ghala halijui mpaka liambiwe. Ndiyo kazi ya `discard='unmap'` hapo juu, pamoja na `systemctl enable --now fstrim.timer` ndani ya kila mashine, inayofanya kazi mara moja kwa wiki. Kwa diski za virtio-blk unahitaji QEMU 4.0 na keneli 5.0 ndani ya mashine, au zaidi. Kwa za zamani tumia virtio-scsi. Nafasi isiporudi baada ya `fstrim -av`, sababu ni moja kati ya hizi: kuna snapshoti bado inavishikilia vipande vilevile, diski ya ndani imefungwa kwa LUKS (usimbaji fiche wa diski) bila ruhusa ya `discard`, au faili zilizofutwa ni ndogo na zimetawanyika kiasi kwamba hakuna kipande kizima cha KiB 256 kilichobaki wazi. Ya kwanza ndiyo ya kukagua kwanza.

Majaribio, kisha kuhamisha

Usijaribie kwenye diski ya wateja. Faili moja linatosha:

```
truncate -s 2G /var/tmp/jaribio.img
D=$(losetup -f --show /var/tmp/jaribio.img)
vgcreate vgjaribio $D
lvcreate --type thin-pool -L 1G --monitor n -n ghala vgjaribio
lvcreate --type thin -V 4G --monitor n --thinpool ghala -n v1 vgjaribio
dd if=/dev/urandom of=/dev/vgjaribio/v1 bs=1M oflag=direct
```

`--monitor n` inazuia nyongeza ya kiotomatiki isikuharibie jaribio. `dd` itakwama karibu na GiB 1, na baada ya sekunde 60 itapata kosa. Katika dakika hiyo fungua ukurasa wako: tangazo jekundu liwepo, kitufe cha kuunda kikatae, na `lvextend -L +500M vgjaribio/ghala` iliyobonyezwa kutoka kwenye programu yenyewe iifanye `dd` iendelee. Rudia ukiwa umewasha `--errorwhenfull y`. Ukimaliza, `vgremove -f vgjaribio` na `losetup -d $D`.

Voliyumu za kawaida zilizopo zihamishwe moja moja, mashine ikiwa imezimwa. Kwa ext4 endesha kwanza `zerofree` kwenye voliyumu ya zamani ili maeneo yaliyofutwa yawe sifuri, unda ya thini yenye ukubwa sawasawa kwa baiti, kisha:

```
dd if=/dev/vg0/shule of=/dev/vg0/shule_t bs=1M conv=sparse
```

`conv=sparse` inaruka sifuri, na kwenye voliyumu mpya ya thini eneo ambalo halijaandikwa husomeka kama sifuri, kwa hiyo nakala inabaki sahihi. Bila `zerofree`, mabaki ya faili za zamani yatanakiliwa na voliyumu itaingia ghalani ikiwa imevimba. Endesha `fsck -f` kwenye mpya, iwashe mashine, iache ifanye kazi wiki nzima, ndipo uifute ya zamani.